Ardhi Ilirudi, Nyanya Ikaja

Ukisoma historia ya Wameru darasani, Ngarenanyuki ni jina la kesi. Ukishuka soko la Kilombero mjini Arusha, Ngarenanyuki ni jina la nyanya. Dalali anayetaka kukuhakikishia kwamba tenga lake halitaoza kabla ya kufika Dar atakuambia tu, "Hizi ni za Ngarenanyuki," na mnunuzi mzoefu hatauliza zaidi.

Mimi nimezaliwa huko, na sasa nasomea shahada ya uzamili katika historia. Kwa miaka mingi sikuona kwamba kesi na nyanya ni habari moja. Kesi ilikuwa ya bibi na ya vitabu, nyanya zilikuwa za mama na za ada ya shule. Nilianza kuziweka pamoja mwaka ambao familia yetu ilikaa kikao kujadili kama tuuze nusu eka kulipa deni la dawa za kupulizia. Bibi alikuwepo kwenye kikao hicho. Nitafika huko, ila kwanza nieleze jinsi kipande hicho cha ardhi na mmea huo vilivyokutana.

*

Ngarenanyuki ipo kaskazini-mashariki mwa Mlima Meru. Jina ni la Kimaasai, maana yake ni maji mekundu. Upande wa kusini wa mlima, ule wa Tengeru na Usa River, hupata mvua nyingi, na huko ndiko kahawa na migomba ilikostawi. Upande wetu umekingwa na mlima. Mvua ni chache, vumbi ni jingi, na kinachotuokoa ni mto na mifereji inayochepushwa kutoka humo. Maji yenyewe yana floridi nyingi. Ndiyo maana ukikutana na mtu wa kwetu, mara nyingi utaona meno ya rangi ya kahawia kabla hujasikia lafudhi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya Tanganyika, iliyokuwa chini ya Uingereza kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa, ilimpa Jaji Mark Wilson kazi ya kuchunguza mgawanyo wa ardhi ya Arusha na Moshi. Ripoti ilitoka mwaka 1947. Kwa kifupi, ilitaka walowezi wa Kizungu wapate eneo moja lililoungana kwa ajili ya ufugaji, na Wameru waliokuwa ndani ya eneo hilo waondoke. Ngarenanyuki ilikuwa ndani.

Novemba 1951 watu wapatao 3,000 waliondolewa. Nyumba zilichomwa moto. Walielekezwa King'ori, chini zaidi, na wengi walikataa kwenda huko, wakaenda kubanana kwa ndugu zao upande wa kusini. Bibi yangu mzaa baba alikuwa msichana wa miaka 10 hivi. Hasimulii kwa mpangilio wa vitabu. Anasimulia ng'ombe waliolia njia nzima kwa sababu hawakukamuliwa, na harufu ya mahindi yanayoungua, ambayo anasema haifanani na ya mahindi ya kuchoma hata kidogo.

Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuwasemea Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiana na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Kamati ya Nne ya Baraza Kuu iliwaunga mkono. Shauri lilipopelekwa kwenye Baraza Kuu lenyewe, kura hazikufika theluthi mbili. Kwa hesabu ya kura, tulishindwa. Lakini Kirilo alirudi na kuzunguka akisimulia alichokiona, na mwaka 1954, TANU ilipozaliwa, habari ya Wameru ilikuwa tayari mfano ambao kila mtu angeweza kuuelewa: kama serikali inaweza kuchoma nyumba zao, inaweza kuchoma na zenu.

Baada ya uhuru Wameru walirudi Ngarenanyuki. Hapo ndipo vitabu vingi hufunga mlango. Ardhi imerudi, haki imetendeka, sura inayofuata. Lakini mtu aliyerudishiwa ardhi kavu bado ana swali la asubuhi: apande nini?

*

Nyanya haikuwa jibu la kawaida, kwa sababu nyanya haikuumbiwa joto kama watu wanavyodhani. Kwa kuwa inatoka Amerika ya Kusini, na kwa kuwa tunaiona kila siku sokoni, tunaihesabu kuwa ni mmea wa nchi za joto. Mababu zake wa mwituni huota Peru na Ekuado, pwani kavu na miteremko ya Andes, mahali ambapo jua ni kali lakini usiku una ubaridi. Wenyeji wa Meksiko ndio walioilea ikawa tunda la shambani. Jina ambalo lugha nyingi za Ulaya zinalitumia linatokana na neno la Kinahuatl, tomatl. Wahispania waliuteka mji wa Tenochtitlan mwaka 1521, na kufikia 1544 tabibu Mwitalia Pietro Andrea Mattioli alikuwa tayari ameiandika kwenye kitabu chake cha mimea.

Kwetu ilifika ikakuta mwenyeji. Nyanya chungu, ambayo wengine huiita ngogwe, ni zao la Afrika, limelimwa na kuliwa hapa tangu kale. Leo hii mgeni ndiye anayeitwa nyanya bila maelezo, na mwenyeji ndiye anayehitaji kivumishi. Unguja wanaiita tungule, kwa hiyo angalau huko mgeni ana jina lake. Na kwa majirani zetu Wakenya, nyanya ni bibi pia, jambo ambalo bibi yangu alipolisikia aliliona kuwa ni utovu wa adabu.

Kwamba usiku ndio unaoamua mavuno ya nyanya lilithibitishwa na Frits Went, mtaalamu wa mimea Mholanzi. Kabla ya hapo alifanya kazi Java, katika bustani ya mimea ya Buitenzorg, mji ambao leo unaitwa Bogor, kwa hiyo aliijua tropiki kwa ngozi yake. Baadaye akahamia California, akajenga vyumba ambamo aliweza kupanga joto la mchana na la usiku atakavyo. Mwaka 1944 alichapisha matokeo: nyanya ilizaa kwa wingi pale tu usiku ulipokuwa kati ya nyuzi 15 na 20. Usiku ukizidi kuwa wa joto, mmea unaweza kunawiri, ukajaa majani na maua, lakini chavua hudhoofika, na maua hudondoka bila kufunga tunda.

Mtu aliyewahi kupanda nyanya uani Dar es Salaam mwezi Februari anajua hali hiyo bila maabara. Usiku wa Februari pale mara nyingi haushuki chini ya nyuzi 24. Mche unakua mrefu kuliko mwenye nyumba, maua yanatoka, majirani wanasifia, na hakuna kitu cha kutia kwenye mchuzi. Watu husema mbegu ilikuwa mbaya au udongo una chumvi. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi ni usiku tu.

Dawa ya kale ya tatizo hilo ni kupanda mlima. Kila ukipanda mita 1,000, joto hushuka kwa takriban nyuzi 6. Ndiyo maana ramani ya nyanya ya Tanzania ni ramani ya miinuko: Ilula mkoani Iringa, Mgeta kwenye Uluguru, Lushoto, na sisi wa Meru. Lakini milima mingi ina tatizo la pili, ukungu. Mvua na baridi vikikaa pamoja, bakajani hula shamba ndani ya wiki moja. Mmea unataka usiku wa baridi na majani makavu kwa wakati mmoja, yaani unataka mlima usio na mvua na maji yanayotembea chini.

Rudi sasa kwenye maelezo ya Ngarenanyuki: mwinuko, kivuli cha mvua, mto, mifereji. Ardhi ambayo walowezi waliitaka kwa ajili ya ng'ombe, na ambayo haikufaa kwa kahawa, ilikuwa kwa bahati shamba la nyanya.

*

Mwinuko peke yake haukutosha. Ilihitajika mbegu.

Kwa muda mrefu mkulima wa Tanzania aliyetaka nyanya alipanda aina zilizotengenezewa watu wengine. Money Maker, ambayo wazee bado wanaitaja, ni ya Uingereza, na sifa yake aliipatia kwenye nyumba za vioo. Roma ni ya Marekani, Cal J ni ya viwanda vya California. Money Maker ni tamu na ina ngozi laini, kwa hiyo ilimfaa sana mtu anayechuma asubuhi na kula mchana. Kwenye tenga la mbao, juu ya Fuso, kwenye barabara ya vumbi, ilifika sokoni ikiwa nusu mchuzi.

Mwaka 1971, huko Shanhua kusini mwa Taiwan, kilianzishwa kituo cha utafiti wa mboga ambacho moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kutafuta nyanya inayoweza kuzaa kwenye joto. Ruben Villareal, Mfilipino aliyefanya kazi hiyo, aliandika kitabu kizima juu ya nyanya za tropiki, kikatoka mwaka 1980. Jibu lilitafutwa kwa kukusanya mbegu kutoka kila pembe, kuzipanda kwenye joto, kuona chache zinazofunga matunda, kuzichavusha zenyewe kwa zenyewe, na kurudia. Kazi hiyo haina tukio moja la kusimulia. Ni miaka ya kuhesabu maua yaliyodondoka.

Mwaka 1992 kituo hicho kilifungua tawi lake la Afrika hapa Arusha, na kikafanya kazi na watafiti wa serikali wa kilimo cha bustani wa Tengeru. Tengeru nayo ina historia yake ya watu waliohamishwa. Wakati wa vita, kuanzia 1942, palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, watu waliopelekwa Siberia na Wasovieti, wakapita Iran, wakaishia chini ya Mlima Meru. Makaburi yao bado yapo. Kambi ilipokuwa inafungwa, upande wa pili wa mlima Wameru walikuwa wanafukuzwa. Nimesoma kuhusu matukio hayo mawili katika masomo tofauti, kana kwamba yalitokea kwenye milima miwili.

Mwaka 1997 zilitoka aina mbili: Tanya na Tengeru 97. Zilikuwa na ngozi ngumu, zilikaa siku nyingi bila kuoza, na zilivumilia safari. Jambo lingine, ambalo mama yangu hulitaja kwanza, ni kwamba mbegu zake unaweza kuzikamua, kuzianika, na kuzipanda tena mwakani, zikatoa nyanya zilezile. Baba alianza na Tengeru 97 kwenye robo eka. Bei ya kahawa duniani ilikuwa imeanguka tangu mfumo wa mgao uvunjike mwaka 1989, na hata ndugu zetu wa upande wenye mvua walikuwa wanageukia mboga. Kwa mara ya kwanza wao ndio waliokuja kutuuliza sisi.

Nataka hili lieleweke kwa uzito wake. Kizazi cha bibi kilipigania ardhi. Kizazi cha wazazi wangu kilipata kitu cha kuifanya ardhi hiyo ilipe. Mimi na wadogo zangu wawili tumesoma kwa matenga. Nikisema hivyo chuoni, watu hucheka, lakini ni hesabu tu: muhula mmoja ulikuwa matenga kadhaa, kutegemea dalali ameamkaje.

*

Mwaka 2014, huko Ngabobo, eneo la King'ori, jirani yetu kabisa, alitambuliwa kwa mara ya kwanza Tanzania mdudu ambaye wataalamu humwita Tuta absoluta. Ni nondo wa kijivu, mdogo kama punje ya mchele. Jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 260. Kiwavi wake huingia katikati ya ngozi mbili za jani na kula humo, kisha huingia kwenye tunda. Kwa nje unaona tundu dogo. Ndani ni uozo.

King'ori, tena. Mahali ambapo mwaka 1951 watu walielekezwa baada ya nyumba zao kuchomwa.

Wakulima wa Tanzania walimpa jina wenyewe: kantangaze. Yaani kanitangaze, nenda ukaniseme. Jina lina kejeli ya taarabu, na lina ukweli wa shambani pia. Shamba lililopigwa na kantangaze huonekana kutoka barabarani, majani yamekauka kama yamepitiwa na moto, na kila apitaye anajua kwamba mwenye shamba hatalipa madeni mwaka huo.

Mdudu huyu ni wa Amerika ya Kusini, kwao na nyanya. Alielezwa kisayansi mwaka 1917 kutokana na vielelezo vya Peru. Mwaka 2006 alionekana Hispania, akazunguka Mediterania, akashuka Afrika Kaskazini, Sudan, Ethiopia, Kenya, hadi kwetu. Nyanya ilisafiri karne tano zilizopita ikiwa mbegu, na mbegu hazibebi viwavi wala wadudu wanaokula viwavi. Kwa hiyo nyanya iliishi ughaibuni bila maadui wake wa nyumbani. Tulidhani ni mmea mwepesi kuliko ulivyo. Halafu adui akafika peke yake, amewaacha nyuma wale wanaomla yeye.

Kilichofuata kwetu kilikuwa dawa. Kiwavi akiwa ndani ya jani, dawa nyingi hazimfikii, kwa hiyo unapiga tena. Amerika ya Kusini na Ulaya amekwisha kuzizoea sumu nyingi, kwa hiyo unabadilisha, kisha unachanganya. Watafiti waliozungumza na wakulima wa mboga kaskazini mwa Tanzania wamerekodi kwa miaka mingi, hata kabla ya kantangaze, dawa mbili tatu zikitiwa kwenye bomba moja. Kwetu si utafiti. Ni mdogo wangu wa kiume, bomba mgongoni, fulana imelowa mgongo mzima, amefunga mdomo kwa kitambaa cha bibi. Jioni hali chakula. Anasema kichwa kinamgonga, anaoga, analala. Lebo za chupa zimeandikwa kwa herufi ndogo, nyingine si kwa Kiswahili, na duka la pembejeo linakopesha. Kukopesha ndiko kulikotuponza. Mbegu sasa ni chotara, haianikwi ikapandwa mwakani, unanunua upya kila msimu. Dawa unakopa. Misimu miwili ikaenda kwa kantangaze mfululizo, deni likawa na thamani ya nusu eka.

*

Kwenye kikao mdogo wangu alisema tuuze. Alikuwa na hoja: yeye ndiye anayepiga dawa, si mimi ninayekuja likizo na daftari. Mama alinyamaza muda mrefu, kisha akasema nusu eka si shamba zima. Baba mdogo alipiga hesabu kwenye simu.

Bibi aliuliza swali moja tu: anayenunua ni nani. Aliambiwa bado hajulikani. Akasema, "Wale wa mwanzo tuliwajua."

Sitaki kumgeuza bibi kuwa methali. Hana jibu la kantangaze, na hakudai kuwa nalo. Lakini swali lake lilinionyesha kasoro ya namna ninavyofundishwa kusoma habari hii. Tunaandika historia ya ardhi kana kwamba ardhi hupotea kwa amri ya serikali na askari. Hupotea hivyo, na moshi huonekana. Hupotea pia kidogo kidogo, robo kwa nusu, kwa mbegu isiyorudiwa, kwa chupa ya dawa iliyokopwa, kwa mdudu mdogo kama punje ya mchele. Namna hii ya pili haina Jaji Wilson wa kumtaja wala New York ya kupeleka malalamiko. Kirilo Japhet angesimama mbele ya nani kushitaki usiku wa joto?

Hata hivyo, kazi fulani inafanyika. Watafiti wa icipe, Nairobi, walimleta kutoka Peru nyigu mdogo sana anayetaga mayai ndani ya viwavi wa kantangaze, wakaanza kumwachia Kenya. Napenda wazo hilo kama mwanahistoria, kwa sababu mtu amekwenda kwao nyanya kuuliza: nyumbani nani humzuia huyu? Kuna mitego ya harufu inayonasa madume, kuna vyandarua vya kitalu, kuna mwarobaini. Kuna pia jambo la zamani kuliko yote hayo: kuupumzisha udongo na hewa kutokana na nyanya, ili mdudu akose chakula.

Hilo la mwisho ndilo tuliloweza, kwa kuwa halihitaji mkopo. Mama alikwenda dukani akaomba kulipa deni kwa awamu, akauza ndama, akalipa sehemu ya kwanza. Nusu eka haikuuzwa mwaka huo. Ilipandwa mahindi na maharage, vitu vilevile vilivyokuwa shambani mwaka 1951. Mdogo wangu alilalamika kwamba maharage hayalipi ada, na ni kweli, hayalipi. Mfereji tuligawana na jirani, siku mbili kwetu, siku mbili kwake.

Kwenye kona ya juu, karibu na mfereji, mama alibakiza mistari mitatu ya Tengeru 97, mbegu alizozianika miaka iliyopita na kuzitunza kwenye kopo la maziwa ya unga. Aliweka chandarua juu ya kitalu. Kila asubuhi hupita akigeuza majani mmoja mmoja, akitafuta mistari myeupe ya kiwavi, na jani lenye mstari hulichuma na kulichoma.